Ushahidi wa kitaalamu: Karatasi haiwezi kuulizwa maswali

SEPTEMBA 23, 2009, Mahakama Kuu ya Tanzania, ikiwa katika vikao vyake mjini Kahama, iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14 mwenye ulemavu wa ngozi, aliyeuawa Desemba 2008 wilayani Bukombe. Wote watatu walihukumiwa kunyongwa hadi kufa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama nchini kutoa hukumu ya hatia tangu mauaji ya albino yaanze kuripotiwa mfululizo mwaka 2007.

Bukombe, ambayo makao yake makuu ni mji mdogo wa Ushirombo, wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 imekuwa katika Mkoa wa Geita. Mipaka imebadilika, lakini mazingira ya ukanda huo wa dhahabu hayajabadilika sana: wachimbaji wadogo wanaohama kila panaposikika tetesi ya mwamba mpya, imani kwamba utajiri hauji bila dawa, na vijiji vilivyotawanyika mbali na hospitali, maabara na Mahakama Kuu.

Hukumu ile ilishangiliwa, na kwa haki. Hata hivyo, kesi za aina hiyo zina swali ambalo halizungumzwi vya kutosha. Polisi wanapokamata mfuko wenye mifupa nyumbani kwa mtu, jaji anahitaji kujibiwa mambo matatu. Mifupa hiyo ni ya binadamu au ya mnyama? Kama ni ya binadamu, ni ya nani? Na mtu huyo alikufa kwa sababu gani? Mwenyekiti wa kitongoji hawezi kumjibu. Jirani aliyesikia yowe usiku hawezi. Hata askari aliyeufungua mfuko ule hawezi. Anayeweza ni daktari na mkemia. Hao ndio sheria inawaita mashahidi wataalamu.

Katika nchi ambayo kosa la mauaji ya kukusudia lina adhabu moja tu kisheria, yaani kifo, maneno ya shahidi huyo si jambo dogo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, na kwamba Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima mazingira inakiuka haki ya kuishi. Lakini aliyehukumiwa kifo anaishi chini ya kivuli chake kila siku. Na muuaji aliyeachiwa kwa sababu ushahidi ulivurugwa anarudi kijijini kuishi na familia ya marehemu.

Sheria inasema nini?

Kwa kawaida shahidi hatakiwi kutoa maoni. Anatakiwa kueleza alichokiona, alichokisikia au alichokigusa. Kuhitimisha ni kazi ya mahakama. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, Sura ya 6 ya sheria za nchi, inatoa nafasi ya pekee kwa mtaalamu, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kimefahamika kwa namba 47. Mahakama inapohitaji kufikia uamuzi juu ya jambo la sayansi, la ufundi, la sheria ya nchi ya kigeni, au la utambuzi wa mwandiko na alama za vidole, inaruhusiwa kupokea maoni ya mtu mwenye elimu, ujuzi, uzoefu au mafunzo maalumu katika jambo hilo.

Maneno hayo yanastahili kusomwa kwa makini. Sheria haikusema lazima awe na shahada. Imetaja uzoefu na ujuzi pia. Maana yake ni kwamba bingwa wa Muhimbili ni mtaalamu, lakini vilevile mtu aliyefanya kazi miaka 20 ya kuchoma dhahabu anaweza kuwa mtaalamu ikiwa swali lililo mbele ya mahakama linahusu namna dhahabu inavyochomwa. Kinachotakiwa ni kuieleza mahakama, kabla ya yote, ameupata wapi ujuzi wake na ameutumia kwa muda gani. Shahidi anayeanza kutoa maoni kabla ya kujenga msingi huo anampa wakili wa upande wa pili silaha ya bure.

Jambo la pili ni kwamba anachotoa kinabaki kuwa maoni. Mahakama ya Rufani ilikwishasema, katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1993, kwamba mahakama hailazimiki kuyakubali maoni ya daktari ikiwa zipo sababu za msingi za kuyakataa. Jaji si mhuri wa daktari. Anapaswa kuuliza: maoni haya yamejengwa juu ya nini, na je, yanaafikiana na ushahidi mwingine?

Jambo la tatu ni mipaka ya kile ambacho sayansi inaweza kusema. Katika uamuzi mwingine mashuhuri, uliochapishwa mwaka 2006, Mahakama hiyo ilieleza kuwa ripoti ya daktari inaweza kusaidia kuonyesha kwamba tendo la ndoa lilifanyika, lakini haiwezi yenyewe kuthibitisha kwamba ulikuwa ubakaji, yaani kwamba hapakuwa na ridhaa. Hilo ni swali ambalo darubini haina jibu lake.

Karatasi inaposafiri bila mwenyewe

Mtu aliyepigwa au kubakwa, awe Ushirombo au Masumbwe, akifika kituo cha polisi hupewa fomu namba tatu, maarufu kama PF3, aende nayo hospitali. Daktari au tabibu wa zamu hujaza alichokiona na kutia saini. Miezi kadhaa baadaye fomu ile hufika mahakamani. Mara nyingi aliyeijaza hafiki.

Sababu zake zinaeleweka. Tabibu amehamishwa. Amekwenda masomoni. Yuko peke yake katika zamu na wagonjwa wamejaa. Wito umechelewa, au nauli ya shahidi haijapatikana. Basi mwendesha mashtaka huiwasilisha fomu kama kielelezo na kesi inaendelea.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haikatazi jambo hilo moja kwa moja. Lakini iliweka sharti, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi wanasheria wamekifahamu kwa namba 240(3): mahakama inapoipokea ripoti ya daktari, ni lazima imweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeiandika aitwe ahojiwe. Sharti la namna hiyo lipo pia kwa ripoti za uchunguzi wa maiti katika kesi zinazosikilizwa na Mahakama Kuu.

Sharti hilo si la kupamba karatasi. Katika Rufaa ya Jinai Na. 176 ya mwaka 2004, iliyosikilizwa Mwanza, Mahakama ya Rufani iliikataa PF3 kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo. Tangu hapo uamuzi huo umetajwa mara nyingi katika rufaa nyingine. Hukumu za Mahakama ya Rufani zimejaa mifano ya ripoti za madaktari kufutwa katika kumbukumbu, si kwa kuwa daktari alikosea, bali kwa kuwa hakimu hakutamka sentensi moja.

Wapo wanaolalamika kuwa huko ni kuwaachia wahalifu kwa mambo madogo ya kiufundi. Hoja hiyo ina mvuto, hasa kwa mzazi ambaye mtoto wake ndiye mwathirika. Lakini hebu tuitazame kutoka upande wa pili. Mshtakiwa ni mkulima asiyejua kusoma. Mbele yake inasomwa karatasi yenye maneno ya kitabibu, na anaulizwa kama ana pingamizi. Atapinga nini? Hajui kuwa michubuko inaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Hajui kuwa mwathirika aliyepelekwa hospitali siku nne baada ya tukio hawezi kuwa na dalili zilezile za aliyepelekwa saa mbili baadaye. Njia pekee ya mambo hayo kujulikana ni daktari kusimama, kula kiapo na kuulizwa. Karatasi haiwezi kuulizwa maswali.

Safari ndefu ya kielelezo

Ugumu wa pili uko katika njia ambayo kielelezo kinapita kabla mtaalamu hajakigusa. Mwaka 2009, mwaka uleule wa hukumu ya Kahama, Bunge lilipitisha Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, Na. 8 ya 2009, iliyoweka utaratibu wa kuchukua, kupima na kutunza sampuli za DNA na kumfanya Mkemia Mkuu wa Serikali kuwa msimamizi wake. Mwaka 2016 sheria nyingine iliipandisha iliyokuwa wakala kuwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Hatua hizo ni kubwa. Lakini kutoka Ushirombo hadi maabara hiyo jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mamlaka ina ofisi ya kanda mjini Mwanza, na hiyo imepunguza adha, ingawa safari bado ipo. Mfupa uliokamatwa kijijini unatoka kwa askari aliyeukamata kwenda kwa mtunza vielelezo wa kituo, kisha kwa mpelelezi, kisha kwa msafirishaji, kisha kwa mpokeaji wa maabara, na ndipo unafika mezani kwa mkemia. Baada ya kupimwa unarudi kwa njia hiyohiyo.

Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, iliyotoka Dodoma, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kila mkono ulioshika kielelezo uonekane katika maandishi, tangu kilipokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa, hadi kilipofika mahakamani. Lengo ni kuzuia mashaka kwamba kilibadilishwa, kiliharibiwa au kilipandikizwa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuhusu vinasaba. Hudhani kwamba mkemia akisema mfupa ni wa marehemu, kesi imekwisha. La hasha. Mkemia anasema tu kwamba sampuli iliyofika mezani kwake inaoana na sampuli ya ndugu wa marehemu. Hajui ilitoka kwenye nyumba ya nani. Hajui kama lebo ilibandikwa siku ileile au wiki moja baadaye. Hajui nani aliua. Kiungo kati ya mfupa na mshtakiwa kinatoka kwa askari na mashahidi wa upekuzi. Wao wakiyumba, maabara iliyo bora kuliko zote duniani haiwezi kuokoa kesi.

Mtaalamu anapovuka mpaka

Hatari nyingine ni mtaalamu kusema zaidi ya anachokijua. Mfano maarufu unatoka Uingereza. Mwaka 1999 mwanasheria Sally Clark alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwaua watoto wake wachanga wawili, waliofariki mwaka 1996 na 1998. Shahidi mkuu mmojawapo alikuwa Profesa Roy Meadow, daktari bingwa wa watoto aliyeheshimika mno. Aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni mmoja katika milioni 73.

Namba hiyo ilitisha, na ilikuwa na kasoro. Ilipatikana kwa kuzidisha uwezekano wa kifo cha kwanza kwa wa pili, kana kwamba vifo hivyo havihusiani, ilhali watoto wa tumbo moja hushiriki urithi wa mwili na mazingira ya nyumba moja. Mwaka 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitoa tamko la kupinga hesabu hiyo. Aidha, ilikuja kubainika kwamba daktari mwingine aliyechunguza maiti hakuweka wazi majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto mmojawapo. Clark aliachiwa huru Januari 2003 na akafariki dunia mwaka 2007.

Funzo lake kwetu ni bayana. Meadow hakuwa tapeli. Alikuwa bingwa wa tiba ya watoto aliyezungumzia takwimu, fani ambayo haikuwa yake, na kwa kuwa alikuwa profesa, wazee wa baraza la mahakama ile walimwamini. Kama hilo liliwezekana katika mahakama yenye mawakili waliobobea na wataalamu wa pande zote mbili, itakuwaje pale ambapo upande mmoja tu ndio wenye mtaalamu?

Nani mtaalamu wa mshtakiwa?

Swali hilo linagusa kidonda chetu. Katika kesi za mauaji, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama za Serikali, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imepanua wigo wa huduma hizo. Lakini wakili ni jambo moja na mtaalamu ni jambo jingine. Mkemia ni wa Serikali, daktari wa hospitali ya wilaya ni mtumishi wa umma, na mchunguzi wa alama za vidole ni ofisa wa polisi. Hilo halimaanishi kwamba wanasema uongo. Linamaanisha kwamba mtu wa Bukombe anayekabiliwa na adhabu ya kifo hana mtu wa kumweleza wakili wake ni swali gani la kuuliza.

Katika jambo hili, ukanda wa dhahabu ulipata funzo kubwa nje ya mahakama. Mei 24, 2017 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais John Magufuli ripoti ya uchunguzi wa makinikia yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, yaliyotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, jirani kabisa na Bukombe. Kamati ilisema kiwango cha dhahabu kilichomo kilikuwa kikubwa mara kadhaa kuliko kilichotangazwa. Kampuni ya Acacia ilikana. Pande zote mbili zilikuwa na vipimo, wanasayansi na maabara. Mgogoro ule ulimalizwa mezani, kwa mazungumzo kati ya Serikali na kampuni mama ya Barrick, na Januari 2020 makubaliano ya kuanzisha kampuni ya ubia ya Twiga yakatiwa saini.

Pengine yalikuwa maamuzi mazuri kwa taifa. Lakini mwananchi hakupata nafasi ya kuwasikia wataalamu wa pande mbili wakiulizwa hadharani: sampuli ilichukuliwaje, kutoka makontena mangapi, na kwa kipimo gani? Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoiamini ripoti ile kwa asilimia mia, na wapo wasioiamini hata kidogo. Mahakama ipo ili swali la kitaalamu lisibaki kuwa suala la imani.

Lugha ya kitaalamu na mzee wa kijijini

Kuna suala la lugha pia. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Hata hivyo, tabibu hufundishwa kwa Kiingereza na ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mahakama ya Rufani imekwishaagiza kwamba kielelezo cha maandishi kikishapokelewa kisomwe kwa sauti, ili mshtakiwa ajue kilichomo. Kusoma kwa sauti maneno yasiyoeleweka, mbele ya mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma au Kisumbwa, ni kutimiza sharti bila kutimiza lengo.

Mtaalamu mzuri hujulikana kwa namna anavyoeleza. Badala ya kutaja jina la ugonjwa, husema: mfupa wa paja ulikatwa kwa kitu kizito chenye makali, na mkato ulianzia upande wa nyuma. Akiulizwa jambo asilolijua, hujibu kwamba halijui. Akiulizwa kama panaweza kuwapo sababu nyingine ya jeraha lile, naye anaona inawezekana, hukubali, hata kama jibu hilo linaudhi upande uliomwita. Shahidi mtaalamu yupo pale kuisaidia mahakama. Hakuitwa kushinda kesi.

Nini kifanyike?

Kwanza, wanafunzi wa vyuo vya utabibu wafundishwe kutoa ushahidi kama wanavyofundishwa kufunga jeraha. Wengi wao watapangiwa vituo vya afya vya wilaya kama Bukombe, na hakuna atakayekwepa PF3. Fomu iliyojazwa kwa mistari miwili isiyosomeka ni kesi iliyokufa kabla ya kuzaliwa.

Pili, teknolojia itumike. Mahakama zetu sasa husikiliza mashahidi kwa njia ya video. Hapana sababu ya tabibu aliyehamia Mtwara kushindwa kujibu maswali ya wakili aliye Geita, ambako leo ipo masjala ndogo ya Mahakama Kuu.

Tatu, fedha za mashahidi zitengwe na zifike kwa wakati. Mtaalamu anayekaa siku tatu mjini kwa gharama zake atautafutia wito wa pili sababu za kuukwepa.

Nne, na pengine hili ni zito kuliko yote, uwekwe utaratibu wa kumwezesha mshtakiwa wa kesi ya mauaji kupata maoni ya mtaalamu wa kujitegemea, walau pale ambapo kesi nzima inasimama juu ya sayansi. Atakayeona hilo ni kuwapendelea watuhumiwa akumbuke kwamba hukumu ya Kahama ilipewa uzito na jamii kwa sababu ilitolewa na mahakama, baada ya ushahidi kusikilizwa. Wananchi wa ukanda huu wanajua fika mambo yanavyokuwa pale ambapo ushahidi hauhitajiki. Ajuza wengi wa Usukuma wameuawa kwa kuwa tu macho yao yalikuwa mekundu na mtu mmoja, mganga, alitamka kwamba ni wachawi. Wekundu ule ulikuwa wa moshi wa miaka mingi jikoni.

Mganga yule naye alichukuliwa kuwa mtaalamu. Tofauti yake na daktari aliye mahakamani isiishie kwenye koti jeupe. Daktari anapaswa kueleza amejuaje, na mshtakiwa anapaswa kupewa nafasi ya kumuuliza.